Sehemu Hatari za Kupumzikia

4 Februari

Shangazi yangu wa pekee (wengine wote huwa hawanijibu),

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya mwezi uliopita, ambao sikuandika. Huku mwanao niko imara, nakula, nalala, naoga siku zinazostahili. Baba usimpe salamu zangu, ila muulize goti lake linaendeleaje, halafu uniandikie bila kumwambia kuwa nimeuliza. Na yule aliyesema mtoto aliyeacha shule kidato cha pili hatafika popote, mwambie nimefika, na viatu vinang'aa.

Sasa kaa. Umekaa? Haya. Kazini nimepanda cheo.

Bosi, yule mzee niliyekwambia ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na bado huuliza nani kaona miwani yake, aliniita jana mbele ya ofisi nzima. Ofisi nzima ni Dada wa Tiketi na feni. Akasema, "Profesa, wewe si unapenda kuandika andika? Niandikie orodha ya sehemu hatari, ukurasa mmoja, tuwatumie wateja wote. Habari zote zimo kwenye faili jekundu." Akatoka kwenda kutafuta miwani.

Sehemu hatari, Shangazi! Wewe hukai na vijana, ngoja nikufundishe. Siku hizi kitu kikiwa kizuri kupita kiasi hatusemi kizuri, tunasema hatari. Mpira wa jana? Hatari. Shati lako hilo? Hatari tupu. Kumbe na mzee wa watu naye yumo!

Nikafungua faili jekundu. Ndani ni barua za wateja waliosafiri, ndefu, zenye hisia, nyingine wamepigia mistari mpaka karatasi ikachanika. Mtu haandiki kurasa nne kuhusu mahali kama hakupapenda. Mimi nimepunguza maneno tu na kutia chumvi kidogo. Onja:

"Namba moja, Daraja la Kamba. Mbao nne hazipo, kwa hiyo unauona mto vizuri bila kuzuiwa na kitu. Usikose!"

"Namba mbili, Pango la Popo. Taa hakuna, utulivu wa kweli. Kila mgeni hutoka na kumbukumbu kichwani na mabegani."

"Namba tatu, Nyumba ya Wageni ya Maji Moto. Baraza ya mbao juu ya chemchemi. Sakafu ni laini, inakubali mguu. Nyani wa hapo ni wakarimu, huingia bila hodi na kula pamoja na wageni."

Nimeandika tisa za namna hiyo. Dada wa Tiketi alisoma akashika mdomo, machozi yakamtoka. Nimemgusa.

Mwanao,
Profesa
Mkuu wa Kitendo cha Maeneo


25 Februari

Profesa,

Marahaba zote mbili nimezipokea. Sisi tupo. Goti la baba yako limepona, sasa anagombana na redio. Hakukusalimu, lakini ameniuliza mara tatu kama mtu wa posta amepita.

Barua yako nakurudishia, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Makosa kumi na tisa. Yamepungua, katika ile ya mwaka jana yalikuwa thelathini na mawili. Ni "Kitengo", si "Kitendo". Ukijiita Mkuu wa Kitendo watu watauliza kitendo gani, na mimi sitakuwa na jibu. Nakusifu kwa jambo moja: stempu. Zimenyooka kama umezipima kwa rula. Mwandiko wa mtu anayekimbizwa, stempu za hakimu. Nimelitafakari hilo.

Kuhusu hatari yako, kamusi yangu haijabadilika: hatari ni hatari. Kabla hamjachapisha, mwulize bosi wako alikuwa na maana gani. Na watu wengine, mwanangu, huandika kurasa nne wakiwa wamekasirika. Baba yako huandikia kituo cha redio kurasa sita.

Sasa langu. Nina likizo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwalimu mkuu amegundua kwamba katika miaka thelathini na moja ofisini kwake sikuwahi kuchukua hata siku moja. Akasema, "Bi Karani, nenda ukapumzike." Taipureta yangu nayo imepumzishwa. Hayo tu.

Nimefikiri nije kwako. Mwaka jana uliniandikia kwamba nyumba yako ina chumba cha wageni, kitanda cha futi sita na dirisha linalotazama bustani. Mimi si mtu wa makuu. Kitanda kinanitosha, bustani nitaitazama nikipata nafasi. Nijibu mapema, nipige pasi nguo.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi wangu mpendwa wa mapenzi,

Shikamoo! Habari za likizo? Habari za redio? Mimi ni mzima, ila barua yako ilinikuta nimesimama na ikaniacha nimekaa.

Kuja kwangu! Furaha niliyoipata siwezi kuieleza, ndiyo maana sielezi. Ila nasikitika, chumba cha wageni kinapakwa rangi. Ni rangi ya kisasa, inakauka kwa miezi mitano. Kitanda kimepelekwa kupigwa msasa, na fundi wa kitanda amesafiri na futi mbili zake. Bustani iko salama, lakini bila dirisha (limetolewa kwa ajili ya rangi) huwezi kuiona. Unaona jinsi mambo yalivyopangana.

Halafu mji wenyewe huu wa nini? Mji unaochosha! Likizo ya kwanza ndani ya miaka thelathini na moja uje kuangalia mistari ya watu benki? Haiwezekani, mimi mwanao nikiwepo, nikiwa na kitengo kizima (nimeandika vizuri, umeona?).

Nakutumia kipeperushi chetu. Ndiyo, kimeshachapishwa, nakala elfu mbili, swali lako kwa bosi lilichelewa njiani. Tazama namba tatu, Nyumba ya Wageni ya Maji Moto. Shangazi, pale ni hatari! Mimi mwenyewe nililala pale siku tatu, kikazi. Siku ya kuondoka niligoma, wakanibeba na kiti. Maji ni ya moto bila kuni, miguu inalainika mpaka unasahau ni ya nani. Yaani kama kuna sehemu Mungu aliiumba akiwafikiria makarani, ni hiyo.

Nenda huko. Kwangu si kupo tu? Sihami.

Mwanao,
Profesa, Mkuu wa Kitengo


30 Machi

Profesa,

Tupo salama. Baba yako amesoma kipeperushi chako chote akiwa amesimama, halafu akakaa akakisoma tena. Anasema mtu wa miaka hamsini na tisa hapandi basi kwenda kuangalia maji yakichemka, sufuria liko jikoni. Lakini kakikunja, kakitia mfuko wa shati.

Nimekubali ushauri wako. Niliwaandikia ofisini kwenu moja kwa moja, "Kwa Mkuu wa Kitengo cha Maeneo". Alinijibu Dada wa Tiketi. Binti ana mwandiko mzuri, na makosa hana hata moja. Amejibu kila nilichouliza, na nisichouliza pia. Chumba changu kimewekwa kuanzia tarehe ishirini Aprili, siku saba.

Nina swali moja. Zile siku tatu ulizolala pale, ulichukua chumba kinachotazama upande gani? Nataka nichague kama wewe. Na kile kiti ulichobebwa nacho, kilikuwa na mikono au hakina? Ni udadisi tu wa mtu aliye likizo.

Makosa kumi na moja. Nimefurahi.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima na redio pia. Naandika haraka, kalamu yenyewe inaniangalia kwa wasiwasi.

Jana alikuja mteja. Bwana mkubwa, suti nzuri, kiatu kimoja. Kingine kiko chini ya Daraja la Kamba. Akaweka kipeperushi mezani kwa bosi, akaweka kidole kwenye namba moja. Bosi akavaa miwani, akavaa na ya pili juu yake. Akasoma. Akaniita kwa sauti iliyosimamisha feni.

"Profesa! Hii nini?"

"Sehemu hatari, bosi."

"Umeandika hapa, 'usikose'!"

"Ndiyo bosi, maana ni hatari."

"Nilisema hatari, we mtoto! Ha-ta-ri! Watu wasiende! Ni onyo!"

"Aaa. Hatari ya zamani."

Shangazi, hilo neno "ya zamani" lilikuwa kosa. Dada wa Tiketi aliingia chini ya meza yake akajifanya anatafuta kalamu, meza ikawa inatetemeka.

Basi nimeamriwa kuandika orodha mpya, ya kweli, isiyo na kosa hata moja, iwe mezani kwake kabla ya tarehe kumi Mei. La sivyo, niondoke na virago vyangu. Hilo dogo, nitalimaliza asubuhi moja nikinywa chai.

Kubwa ni hili: usiende namba tatu. Imefungwa. Imefungwa kwa sababu ya umaarufu. Watu ni wengi mno, hata nyani wanapanga foleni. Kaa nyumbani, pumzika, nitakutafutia pengine.

Kuhusu chumba nilichochukua, kilikuwa kinatazama pande zote.

Mwanao


12 Aprili

Shangazi,

Leo sina mbwembwe. Nimehesabu siku za posta nikaona barua ya juzi itakufikia ukiwa unafunga begi, nayo ina uongo. Ukishaujua uongo wake utaitupa, utaenda. Hii sijui kama itakuwahi. Naandika hivyo hivyo.

Nyumba ya Maji Moto haijafungwa. Iko wazi, ndiyo tatizo lenyewe. Nimerudia faili jekundu, safari hii polepole, kidole chini ya kila neno kama ulivyonifundisha. Yale ni malalamiko, Shangazi, yote. "Sakafu inakubali mguu" ni mama mmoja aliyezama mpaka kiunoni. Mimi nilidhani anasifu ulaini. Sijawahi kulala pale. Hakuna kiti. Tangu nije mjini sijawahi kwenda popote, hata kituo cha mwisho cha basi.

Leo nimekupigia simu. Yako imezimwa, najua unaiweka kabatini isichakae. Nikapiga shuleni. Akapokea kijana, sauti mpya. Nikamwambia naomba kuongea na Bi Karani, yuko likizo lakini labda amepita hapo. Akasema, "Bi Karani yupi? Yule alistaafu Januari. Sasa tuna kompyuta."

Januari, Shangazi. Na mimi nakuambia habari za rangi.

Kwa kuwa tumefika hapo, pokea kipeperushi changu cha kweli:

"Namba kumi, Kwa Profesa. Haipo kwenye orodha ya bosi. Ni stoo nyuma ya ofisi ya safari. Kufika, panda ngazi ya mbao, ruka kidato cha tatu, hakipo. Kitanda ni vipeperushi vya mwaka juzi vilivyofungwa kwa kamba, juu yake godoro, juu yake mimi. Futi sita zipo ukilala kwa pembe. Dirisha lipo, linatazama ukuta, na ukutani mtu alichora ua, hiyo ndiyo bustani. Swichi ya taa ishike kwa kitambaa kikavu. Chai hupikwa kwenye birika lisilo na kifuniko, kifuniko ni sahani, sahani ina ufa. Mwenyeji anabandika stempu, bahasha mia mbili kwa siku, hana kitengo, hana kitendo. Wageni waliowahi kufika: hakuna."

Kama barua hii imekuwahi, njoo hapa. Kama haijakuwahi, tembea kandokando ya ukuta, usikanyage katikati ya baraza.

Mwanao


2 Mei
(Inaletwa kwa mkono)

Profesa,

Marahaba. Baba yako ni mzima. Goti lilirudi, likaondoka tena. Safari hii amekusalimu, kwa kinywa chake, nikiwa shahidi. Alisema, "Msalimie mpuuzi." Ichukue kama ilivyo.

Ile barua ya kwanza, ya umaarufu, ilinikuta na begi mlangoni. Nilicheka, nikapanda basi. Ya pili ilinikuta nimesharudi. Baba yako alikuwa ameifungua, eti aliona bahasha nyepesi akadhani haina kitu. Alinikabidhi bila kunitazama, akaenda kurekebisha redio ambayo haikuharibika.

Sasa nikusimulie. Baraza ilikubali mguu. Ilikubali yote miwili. Nilizama mpaka kwapani, mikono juu ya mbao, miguu chini ndani ya maji ya moto, mkoba wangu mezani mbele yangu. Akaja nyani. Akafungua zipu, Profesa, hakuchana, alifungua zipu! Akatoa mkate, akakaa, akala huku ananitazama kama mkaguzi wa elimu. Nikamwambia, "Karibu." Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akaja mbio na kamba, akadhani nimerukwa na akili. Nilimwambia asubiri kidogo, miguu inalainika. Kwa hilo ulisema kweli bila kujua.

Tangu Januari nilikuwa sijacheka. Sikukuandikia, kwa sababu ungenihurumia, na huruma yako ina makosa mengi ya tahajia. Siku ya kuniaga walipiga makofi, wakanipa zawadi imefungwa kwenye karatasi ya maua. Nikafungua. Taipureta yangu mwenyewe. Kama mtu anazawadiwa mkono wake.

Habari za stempu nilizijua tangu Februari. Hakuna mkuu wa kitengo anayebandika stempu zikanyooka vile, ile ni kazi ya mtu anayebandika kutwa. Dada wa Tiketi alinithibitishia tu. Aliniandikia pia kwamba sakafu ile si ya kuamini. Nilikwenda nikiwa najua. Miaka thelathini na moja nimepiga chapa barua za ruhusa za watu wengine, fulani anakwenda huku, fulani anakwenda kule, na mimi nikigonga muhuri. Nilitaka na mimi nitumbukie mahali.

Ndani ya bahasha hii kuna malalamiko yangu rasmi, kurasa nne, kwa ajili ya faili jekundu. Mistari nimepiga kwa rula. Yatakuwa mwanzo wa orodha yako. Zilizobaki nane tutaziandika pamoja, wewe unasoma faili kwa kidole, mimi napiga chapa, kalamu nyekundu iko karibu. Tarehe kumi bado siku nane. Ukiandika "usikose" nakupiga na rula.

Barua hii haina stempu, ninaiandikia kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya barabara yenu. Nakuona kwenye dirisha la ofisi. Umekonda. Na unalamba stempu kwa ulimi! Tafuta sifongo, ulimi si kifaa cha ofisi. Namwona na binti anayetoka kununua maandazi, bila shaka ndiye Dada wa Tiketi, nitampa akuletee mezani.

Utauliza safari ilikuwaje. Ilikuwa hatari. Ni ile yako au ni ile ya bosi wako, sikuambii.

Ukimaliza mstari huu, inua kichwa, weka stempu chini, uvuke barabara. Taipureta ni nzito, na mtu wa miaka hamsini na tisa hawezi kuruka kidato cha tatu akiwa ameibeba.

Shangazi yako,
mgeni wa kwanza wa Namba Kumi